Kusoma Mvskoke na Mambo ya Taifa la Muscogee Chuoni: Mwongozo Kamili kwa Waliokwama

Kila muhula unapofika katikati napata ujumbe wa namna moja kutoka kwa wasema Kiswahili wenzangu wa Tulsa, Oklahoma City na hata Dallas. "Nilijiandikisha somo la Mvskoke, wiki ya tatu nikaacha." Mvskoke ni lugha ya Taifa la Muscogee, moja ya mataifa ya wenyeji wa asili wa Marekani, lililoko Oklahoma. Nikiwauliza walikwama wapi, majibu hayazidi manne: karatasi za kujiunga, herufi, kitenzi, au kuogopa kutoka nje ya darasa.

Hakuna hata mmoja aliyekwama kwa kukosa akili. Walianza mahali pasipofaa. Mwongozo huu unafuata mpangilio ulionisaidia mimi, na kila hatua ina sababu yake, hatari yake, na namna ya kujua kwamba umevuka. Usiruke hatua ya tatu hata ukijiona mjanja wa lugha.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

Cheti cha sekondari na nakala rasmi ya matokeo. Kama ulisomea Tanzania, Kenya au Kongo, agiza mapema tathmini ya cheti cha nje kutoka kwa shirika ambalo chuo kinalikubali. Uliza chuo kwanza, ndipo ulipe. Watu wamelipia tathmini ya shirika ambalo chuo hakilitambui, ikabidi walipe tena.

Hati ya ukaaji wako Marekani, iwe pasipoti ya uraia, kadi ya kijani au karatasi nyingine ya hadhi yako.

Simu yenye kinasa sauti na hedifoni. Hizi utazitumia kuliko kalamu.

Madaftari mawili. Moja la lugha, moja la mambo ya taifa. Ukivichanganya, wiki ya mtihani utatafuta kitenzi katikati ya katiba.

Kamusi ya kisasa. Ninayoitegemea ni ya Jack B. Martin na Margaret McKane Mauldin, iliyotoka mwaka 2000, kwa sababu inakuonyesha neno kwa maandishi ya kawaida na pia namna linavyotamkwa. Zile za karne ya 19 ziwekee heshima yake, lakini usianzie huko. Tahajia yake itakuchanganya.

Herufi ē kwenye simu. Bonyeza e, shikilia, chagua yenye mstari juu. Jizoeze leo, maana e na ē ni herufi mbili tofauti.

Kioo kidogo na ukanda mwembamba wa karatasi. Kazi yake utaiona hatua ya tatu.

Usafiri wa uhakika. Okmulgee, mji chuo chenyewe kilipo, iko kama kilomita 60 kusini mwa Tulsa kwa barabara ya 75. Ukitegemea lifti ya rafiki, siku atakayopangiwa zamu ya usiku utakosa darasa, na lugha hii haisamehi darasa lililokosekana.

## Hatua ya 1: Chagua chuo sahihi, mji sahihi na somo sahihi

Anza na mji. Kuna mji unaoitwa Muskogee, na wengi huenda huko wakidhani ndiko makao makuu kwa sababu ya jina. Makao makuu ya Taifa la Muscogee ni Okmulgee, na Chuo cha Taifa la Muscogee kiko hapohapo Okmulgee. Kilianzishwa na taifa lenyewe mwaka 2004, na mwaka 2016 kikapata ithibati ya Higher Learning Commission, shirika linalothibitisha ubora wa vyuo. Ithibati hiyo ni muhimu kwako: bila ithibati, masomo uliyofaulu mara nyingi hayahamishiki ukitaka kuendelea chuo kikuu.

Kisha chagua unachosomea. Kuna cheti kifupi cha lugha ya Mvskoke, na kuna shahada za miaka miwili zinazoingia kwenye huduma na utawala wa taifa. Ushauri wangu: kama huna hakika, omba shahada ya miaka miwili huku ukichukua somo la lugha tangu muhula wa kwanza. Lugha peke yake bila mambo ya taifa ni maneno yasiyo na mwenyewe, na mambo ya taifa bila lugha utayaona kwa dirishani.

Wengi huuliza kama lazima uwe mwenyeji wa asili. Vyuo vya mataifa haya hupokea pia wanafunzi wasio wenyeji. Lakini uliza msajili kuhusu ada ya mtu asiye raia wa taifa na misaada ipi imetengwa kwa raia peke yao, usije ukaipangia bajeti pesa isiyo yako.

Hatari: kama uko nje ya Marekani na unahitaji viza ya mwanafunzi, swali la kwanza kabisa kumuuliza msajili ni kama chuo kina kibali cha kutoa Fomu I-20, karatasi ya chuo unayoombea viza hiyo. Si kila chuo kidogo kinacho. Usilipe chochote kabla ya kujibiwa kwa maandishi.

Utajua umevuka ukiwa na jina la programu, tarehe ya mwisho ya maombi na jina la mshauri wako wa masomo vimeandikwa ukurasa wa kwanza wa daftari.

## Hatua ya 2: Karatasi na ada

Hapa nitapita haraka, maana kazi yenyewe ni kuwahi tu.

Jaza FAFSA, fomu ya kuomba msaada wa masomo wa serikali kuu ya Marekani, mara inapofunguliwa. Haina malipo, anayekudai pesa ili akujazie anakuibia. Wenye kadi ya kijani na watu wa hadhi nyingine kadhaa wanaweza kustahiki msaada wa serikali kuu, kwa hiyo usijiondoe mwenyewe kwa kudhani. Ofisi ya misaada ya masomo ndiyo itakayokuambia.

Majina yako yafanane kwenye karatasi zote. Hili limewakwamisha Waafrika wengi kuliko kukosa pesa: cheti kina majina matatu, kadi ina mawili, na moja limegeuzwa kuwa jina la ukoo. Kama yanatofautiana, andaa kiapo mapema.

Piga simu baada ya kutuma. Chuo hiki ni kidogo, na udogo huo ni faida, kwa sababu anayepokea simu mara nyingi ndiye mwenye faili lako.

Utajua umevuka ukipata barua ya kukubaliwa na ratiba yenye chumba na saa. Barua pepe ya "tumepokea maombi yako" bado si kukubaliwa.

## Hatua ya 3: Sauti kwanza, herufi baadaye

Hapa ndipo wengi wanapoanguka, na sisi wasema Kiswahili tunaanguka kwa sababu ya kujiamini. Tumezoea lugha inayosomeka kama ilivyoandikwa. Mvskoke nayo husomeka vizuri, ila herufi zake zimepewa kazi nyingine. Alfabeti ina herufi 20: a, c, e, ē, f, h, i, k, l, m, n, o, p, r, s, t, u, v, w, y. Hakuna b, d wala g. Halafu v ni irabu.

Chukua daftari la lugha, ukurasa mzima, uandike hivi:

- v ni a fupi, kama za "baba". Usiitamke kamwe kama v ya "vita".
- a ni a ndefu, kama ya "kaa" au "baa".
- e ni i fupi, kama ya "mti".
- ē ni i ndefu, kama ya "hii".
- i ni "ei", kama ya "bei".
- o mara nyingi ni o ndefu, kama ya "choo".
- u ni fupi, katikati ya o ya "soko" na u ya "duku".
- c ni "ch".
- r si r kabisa. Inakuja.

Sasa jaribu. *Mvskoke* ni karibu "maskooki". *Mvto*, asante, ni "matoo". *Hesci*, salamu ya kila siku, ni "hischei". *Este*, mtu, ni "isti". *Efv*, mbwa, ni "ifa". *Totkv*, moto, ni "tootka".

Urefu wa irabu usiuchezee. Wewe unajua tofauti ya "kufa" na "kufaa", na hakuna anayehitaji kukufafanulia kwa nini ni jambo zito. Peleka sikio hilohilo kwenye Mvskoke.

Jambo la pili: k, p, t na c zikikaa kati ya irabu mbili hulainika, zikaelekea g, b, d na j. *Cuko*, nyumba, utaisikia karibu "chogo". *Eto*, mti, ni karibu "ido". *Vce*, mahindi, ni karibu "aji". Ndiyo maana alfabeti haikuhitaji b, d wala g. Ila herufi ikiandikwa mara mbili, kama kwenye *mēkko*, kiongozi wa mji wa jadi, ibane na usiilainishe.

### Herufi r

Neno *rvro* maana yake ni samaki. Siku yangu ya kwanza nililisoma "raro", kwa sauti, mbele ya darasa. Mzee aliyekuwa akitufundisha hakusema kitu. Alinisogelea, akachukua kiganja changu akakiweka mbele ya mdomo wake, akalitamka. Nilihisi pumzi ya joto ikipita kwenye kingo za kiganja, pande mbili, katikati hapana. Akarudia mara tatu mpaka nikaelewa kwamba ananipa kipimo cha kwenda nacho nyumbani.

Fanya hivi:

1. Sema "l" ya "lala", kisha usimamishe ulimi hapohapo, ncha imegusa nyuma ya meno ya juu.
2. Zima sauti ya kooni, kama unayenong'ona.
3. Puliza. Hewa itoke pande mbili za ulimi, si juu yake.
4. Shika ukanda wa karatasi upande wa kona ya mdomo. Ukitikisika, uko sawa. Ukitikisika pale tu unapouweka katikati, umepuliza "s" au "sh".
5. Tazama kioo: midomo imetulia, haikuchomoza.

Kama una rafiki Mwiraqw wa Mbulu, mpigie simu. Anayo sauti hii tangu utotoni, kwao huandikwa "sl", kama kwenye *slee*, ng'ombe. Waliowahi kuishi Afrika Kusini wanaijua kwa "hl" ya Kizulu. Ukishaisikia kwa mtu unayemfahamu, woga unapungua.

Hatari: usijiandikie matamshi ya Kiswahili juu ya kila neno moja kwa moja. Wiki mbili za kwanza yaandike kwa penseli, kisha yafute yote siku moja. Ukiyaacha, jicho litaendelea kusoma penseli na herufi za Mvskoke hutazijua hadi unamaliza.

Utajua umevuka utakapomsomea mwalimu maneno 20 usiyoyajua maana, naye akayaandika sawasawa kwa kukusikia tu. Mpaka hapo usikimbilie sarufi.

## Hatua ya 4: Dakika 20 kila siku, kwa sikio

Maandishi ya kawaida ya Mvskoke hayaonyeshi kupanda na kushuka kwa sauti, na ndani ya kitenzi mabadiliko hayo yana maana. Urefu wa irabu au kushuka kwa sauti kunaweza kubadilisha maana, kwa mfano kama tendo linaendelea au limekwisha. Kitabu hakikuambii. Kinasa sauti kinakuambia.

Omba ruhusa kabla ya kurekodi, kila mara, hata kama jana uliruhusiwa. Kisha gawa dakika zako hivi: tano za kusikiliza bila kutazama maandishi, kumi za kusema pamoja na mzungumzaji, si baada yake, tano za kujirekodi na kulinganisha. Hifadhi rekodi ya wiki ya kwanza, usiifute. Utaihitaji.

Maneno ya kuanzia yawe ya nyumbani: *uewv* maji, *fuswv* ndege, *hvse* jua, *cokv* kitabu au karatasi. Hesabu nazo: *hvmken, hokkolen, tuccenen, osten, cahkepen*, moja hadi tano. Hesabu ngazi ukipanda. Hesabu vyombo ukiosha.

Utajua umevuka ukianza kusikia neno moja moja katikati ya mazungumzo ya wazee, hata kama sentensi nzima imekupita.

## Hatua ya 5: Kitenzi, na hapa Kiswahili kinakusaidia

Wanafunzi waliozoea Kiingereza huogopa wakiona sentensi nzima imeingia ndani ya neno moja. Wewe umezaliwa nayo. "Nitakuona" ni neno moja lenye mtendaji, wakati, mtendwa na tendo.

Mvskoke wana *cehecares*, "nitakuona". Utaisikia kwenye kuagana: *Hvtvm cehecares*, nitakuona tena. Ichambue: *ce-* ndiyo "ku" yetu, *hec-* ndiyo "ona", na yaliyobaki, wakati na mtendaji, yako mkiani. Kwa hiyo mtendwa yuko kichwani, mtendaji yuko mkiani. Weka hilo mbele ya macho yako.

Hatari: ukiona *cv-* mwanzoni mwa kitenzi, moyo utakuambia "hii ndiyo ni- ya mtendaji". Katika kitenzi cha tendo ni ile "ni" ya katikati, ya "ananiona". Katika vitenzi vya hali, kama kuchoka, kiambishi hichohicho ndicho humtaja mwenye hali. Panga vitenzi vyako katika kurasa mbili, vya tendo na vya hali, tangu siku ya kwanza.

Mpangilio wa maneno nao umegeuka: kitenzi hukaa mwisho. *Efvt posen hēces*, mbwa anamwona paka. *-t* inamtaja mtendaji na *-n* inamtaja mtendwa. Sisi tukibadilisha nafasi ya mbwa na paka, maana imegeuka. Wao wanazo hizo herufi mbili za kulinda maana, kwa hiyo zisikilize, usizimeze.

### Mmoja, wawili, watatu

Hili halina mfano kwetu, na lilinichukua muhula mzima. Vitenzi kadhaa vya kila siku hubadilika shina kabisa kulingana na idadi ya watu: mmoja, wawili, watatu na zaidi.

- Kukaa: *liketv* (mmoja), *kaketv* (wawili), *vpoketv* (watatu na zaidi).
- Kukimbia: *letketv*, *tokorketv*, *pefatketv*.
- Kwenda: *vyetv*, *vhoyetv*, *vpeyetv*.

Usiyakariri kama shairi. Chukua maharage matatu na kifuniko cha chupa. Weka harage moja juu ya kifuniko useme *liketv*. Ongeza la pili, *kaketv*. Ongeza la tatu, *vpoketv*. Ondoa moja, urudi. Mkono ukijua, mdomo utafuata. Mwanangu wa miaka sita alinishinda kwa mchezo huu ndani ya siku mbili, nikajua kwamba njia ni sahihi.

### Wakati uliopita na wenye mali

Wakati uliopita una daraja: la leo hadi usiku uliopita, la jana na wiki za karibuni, la kitambo kama cha mwaka, na la zamani sana. Kama nyumbani mnasema Kihaya au Kigikuyu, unajua tayari kwamba "nilikuja" ya leo na ya mwaka jana zinaweza kuwa maneno mawili. Kama huna lugha ya namna hiyo, chora mstari wa siku kwenye karatasi na ubandike matukio yako mwenyewe.

Umiliki una njia mbili. *Cvcke* ni mamangu, *cecke* ni mamako, *cvhocefkv* ni jina langu. Lakini mbwa wangu ni *vm efv*, kwa kiambishi kingine. Sikiliza Kiswahili chako: tunasema "mamangu", "mwenzangu", lakini hakuna anayesema "mbwangu". Kilicho sehemu yako na ulicho nacho tu havishikwi kwa mkono mmoja. Wazo ni lilelile.

Utajua umevuka ukiweza kusimulia siku yako ya jana kwa sentensi tano, watu watatu wakiwemo, bila kuandika kwanza.

## Hatua ya 6: Mambo ya taifa, kwa mpangilio huu

Futa neno "kabila" kwanza. Kwetu neno hilo linatupeleka kwa Wachaga na Wasukuma, yaani watu wenye asili moja ndani ya nchi. Hapa tunazungumzia taifa lenye serikali, katiba, mahakama, hospitali, polisi wanaoitwa Lighthorse, hata namba zake za magari. Ukilisahau hilo, kila insha yako itarudi na wino mwekundu.

Kwanza, chora serikali. Katiba inayotumika ni ya mwaka 1979. Chora masanduku matatu: Chifu Mkuu, Baraza la Taifa lenye wajumbe 16 kutoka wilaya 8, na Mahakama. Chini ya kila sanduku andika anachaguliwaje na ana mamlaka gani. Kisha tazama kikao kimoja cha Baraza mwanzo hadi mwisho, ukiwa na mchoro mkononi. Inachosha, ni kweli, lakini ni hapo utakapoona bajeti ya wazee au ya barabara ikijadiliwa mstari kwa mstari, na masanduku yako yatapata uhai.

Pili, soma Mkataba wa 1866 wenyewe, si muhtasari wake. Ni mkataba baina ya taifa na Marekani baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe. Ulikomesha utumwa ndani ya taifa, maana baadhi ya Wamvskoke walimiliki watumwa Waafrika, na uliwapa walioachwa huru na vizazi vyao haki za uraia. Katiba ya 1979 ikauweka uraia kwa wenye damu ya Kimvskoke, kwa kufuata orodha za Dawes, yaani orodha za wanataifa zilizoandikwa na serikali ya Marekani mwisho wa karne ya 19 na mwanzo wa ya 20, ambazo ziliwatenga watu katika vitabu tofauti, wenye damu kimoja na walioachwa huru kingine. Julai 2025 Mahakama Kuu ya taifa iliamua kwamba vizazi vya walioachwa huru wanastahili uraia chini ya mkataba huo, na mjadala wa utekelezaji ukaendelea.

Najua hapa msomaji Mwafrika moyo unadunda. Wangu ulidunda. Lakini darasani soma vifungu kwanza, sikiliza, ndipo useme. Ndani ya chumba kilekile anaweza kuwa amekaa mtu ambaye nyanya yake aliandikwa kitabu kimoja, na jirani yake ambaye wa kwake aliandikwa kingine.

Tatu, soma hukumu ya McGirt dhidi ya Oklahoma, ya tarehe 9 Julai 2020. Majaji watano dhidi ya wanne wa Mahakama ya Juu ya Marekani walisema kwamba Bunge la Marekani halikuwahi kuifuta ardhi iliyotengwa kwa taifa kwa mkataba, hivyo kwa mashtaka ya makosa makubwa ardhi hiyo bado ipo kisheria. Sehemu kubwa ya Tulsa imo ndani yake.

Hatari: kosa linalorudiwa kila mwaka ni kuandika kwamba hukumu hiyo iliwapokonya watu nyumba zao. Haikugusa hati za umiliki. Iligusa nani mwenye mamlaka ya kushtaki.

Utajua umevuka ukiweza kumweleza jirani yako wa Tulsa, kwa dakika tatu na bila karatasi, amekaa kwenye ardhi ya nani na kwa mkataba upi.

## Hatua ya 7: Toka nje ya darasa, kwa adabu

Waliosema lugha hii tangu utotoni ni wazee, na wanapungua haraka kuliko tunavyotaka. Ukijifungia na kitabu, umepoteza kitu ambacho hakitakungoja.

Mahali pepesi pa kuanzia ni kanisani. Yako makanisa ya Kibaptisti na Kimethodisti yanayoimba tenzi za Mvskoke bila kinanda, sauti moja ikianza na nyingine zikifuata. Maneno huenda polepole, na irabu ndefu zinajionyesha. Kaa nyuma, fuata kwa mdomo.

Ukialikwa kula, kula. Utapewa *sofke*, kinywaji cha mahindi ambacho mara nyingine huachwa kichachuke. Aliyekulia kwenye togwa hatashangaa.

Viwanja vya ngoma ni jambo jingine. Huko kuna moto mtakatifu, kuna usiku wa kuzunguka moto huo kinyume cha saa huku wanawake wakitikisa magamba ya kobe yaliyofungwa miguuni, na wakati wa kiangazi kuna *posketv*, siku za kufunga na kujitakasa. Usiende bila mwenyeji. Usipige picha. Usirekodi. Viwanja vingi vina masharti kwa aliyekunywa pombe na kwa wanawake walio hedhini, kwa hiyo muulize mwenyeji wako mapema, bila haya, naye atakueleza bila haya.

Watakuuliza wewe ni wa ukoo gani. Kwao ukoo hufuata mama: *Hotvlkvlke*, watu wa upepo, *Nokosvlke*, watu wa dubu, *Fuswvlke*, watu wa ndege. Ile *-vlke* ya mwisho inafanya kazi ya "wa-" yetu. Kama wewe ni Mluguru au Mmakonde, waambie kwamba kwenu nako mama ndiye aliyebeba ukoo. Mama mmoja niliyemweleza hivyo alivuta kiti akaniambia nikae. Usijitungie ukoo wao, hata kwa mapenzi.

Utajua umevuka ukianza kuulizwa "mbona wiki iliyopita hukuja?"

## Hatua ya 8: Ukianza kuzama

Weka alama kwenye kalenda tarehe ya mwisho ya kujiondoa kwenye somo. Kuacha kimyakimya kunaacha F kwenye matokeo na kunaweza kukugharimu msaada wa masomo muhula unaofuata. Kwenda kwa mshauri kabla ya tarehe hiyo hakukugharimu chochote.

Kabla hujajaza fomu ya kujiondoa, fanya mambo mawili. Rudi hatua ya tatu, usome ukurasa wako wa herufi kwa sauti, polepole. Wengi walionipigia simu wakiwa wamekata tamaa na kitenzi, nilipowasomesha maneno kumi tu niligundua kwamba v bado inawatoka kama v.

Kisha fungua ile rekodi ya wiki ya kwanza niliyokuambia usiifute. Weka hedifoni, uisikilize, halafu jirekodi ukisema *rvro* leo, ukanda wa karatasi ukiwa kwenye kona ya mdomo. Zipeleke rekodi zote mbili kwa mwalimu wako saa za ofisi, umwombe akuonyeshe kilichobaki.